Pedi Zilizooshwa kwa Klorini

Tuliingia Ngara tukiwa tumekaa juu ya magunia ya dagaa. Lori liliondoka Mwanza alfajiri, likavuka kwa kivuko cha Busisi, likapita Geita, na kuanzia hapo jua likaanza kuyapika yale magunia taratibu mpaka harufu ikawa nzito kama mtu wa tatu aliyekaa kati yangu na mama. Nilitapika mara ya kwanza kabla hatujafika Bwanga. Mara ya pili ilikuwa Bisibo, gurudumu lilipopasuka. Mama mmoja wa pale alitutolea mihogo ya kuchemsha, nikaila kwa heshima, na kabla sijamaliza kusema asante nikairudisha yote mbele ya mlango wake. Mama yangu aliomba radhi mpaka nikaona haya. Yule mwenyeji akachota majivu jikoni, akamwagia, akasema, "Mwache mtoto. Dagaa wa kiangazi wanamshinda hata mvuvi."

Baba alikuwa mbele na dereva, amepakata televisheni iliyoviringishwa blanketi. Alikuwa fundi redio, na alikuwa amesikia kama kila mtu alivyosikia wakati ule kwamba Ngara imejaa watu kuliko mji wowote wa kanda ya ziwa, wamevuka mpaka kutoka Rwanda na hawana la kufanya. "Mtu asiye na la kufanya anahitaji nini?" alimuuliza mama. "Anahitaji kitu cha kutazama." Katika begi lake la bisibisi na waya kulikuwa na mashine ya gemu ya plastiki ya kijivu, pedi mbili za kuchezea zenye waya, na kaseti moja ya njano. Aliinunua Mwanza kwa kuzipima mbili mkononi, akachukua ile nyepesi, eti nyepesi hula umeme kidogo. Ndivyo alivyokuwa akichagua vitu.

Baada ya Lusahunga vumbi likaisha, tukapata lami. Jioni hivi tulipanda kilima kimoja, na upande wa pili nikaona bonde zima la bluu. Nikapiga kelele kwamba nimeliona ziwa. Tulivyokaribia, ziwa likaanza kutoa moshi, halafu likawa maturubai ya bluu yenye watu chini yake, halafu harufu yake ikatufikia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikuusikia uvundo wa dagaa.

Nimeyakumbuka haya juzijuzi kwa sababu ya uchafu wa kwenye vitufe. Kwa sasa niko Kahama. Kabla ya hapa nilikuwa Mpanda, kabla ya Mpanda nilikuwa Tunduma, na wanaonifahamu hawaniulizi tena kama nitahama, wananiuliza wapi. Nilikwenda dukani kutafuta laptop ya mtumba, ya bei ya chini, kwa kazi ambayo mwanamume wa umri wetu huona aibu kuitaja. Nilitaka kucheza zile gemu za kaseti tulizocheza tukiwa wadogo. Siku hizi kuna programu wanayoiita emyuleta, inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya zamani, na gemu zote zinaingia humo.

Mwenye duka, mwanamke mmoja aitwaye Zuwena, aliniuliza, "Kaka, ya ofisi au ya chuo?"

"Ya gemu."

"Za kijana wako?"

"Zangu."

Akacheka, lakini bila dharau. "Ungesema mapema. Wazee wa kaseti nawajua mlangoni. Mnaingia kama mtu anayetafuta dawa ya nguvu za kiume." Halafu akanipa somo zima. Gemu za kaseti, alisema, hata laptop ya marehemu inaziendesha, RAM ya nne inatosha na kubaki. Ila nikitaka zile za CD zilizofuata, hapo niangalie prosesa, la sivyo mtu wa kwenye kioo atakimbia kama anayetembea kwenye tope. Na iwe ya SSD, nisije nikazeeka nikiisubiri iwake.

Akaniwekea tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na nguvu kuliko zote, na bei ilikuwa ya chini kwa sababu kava lilikuwa na ufa. Nikaifungua. Kati ya vitufe kulikuwa na nywele, na makombo ya kitu kilichowahi kuwa mkate. Mahali pa kupumzishia viganja palikuwa na utando wa njano, unang'aa, jasho la mtu nisiyemjua lililokauka tabaka juu ya tabaka, na herufi A ilikuwa imeliwa na kidole chake. Zuwena aliona ninavyotazama, akakwangua ule utando kwa ukucha, akahema "haa" kwenye kioo, akakifuta kwa pindo la ushungi. Ikawa mbaya zaidi. Mkono wangu ulikataa kugusa. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ikiwa na harufu ya mafuta ya nywele.

"Kaka," akasema, "unanunua mashine au unaoa?"

Ili anishawishi akaunganisha pedi mpya, akafungua gemu mojawapo kwenye ile ya kwanza. Yule mtu mdogo akaanza kukimbia kuelekea kulia na mlio ule ule wa zamani, wa bati. "Na uzuri wake huu," akasema. "Ukibanwa na haja, unabonyeza hapa, unahifadhi ulipofika. Unakwenda zako chooni kwa raha, ukirudi unamkuta mtu wako kasimama palepale." Alisema kwa mzaha tu. Mimi niliomba kiti nikaketi, maana mate yalikuwa yamenijaa mdomoni kama juu ya yale magunia.

Kule Ngara, kibanda cha gemu cha baba kilikuwa kando ya barabara ya Rusumo, mahali ambapo soko la kambi lilikuwa limeota lenyewe kama uyoga. Nguzo zilikuwa za mkaratusi, kuta za karatasi ya plastiki, mabenchi manne ya mbao mbichi zilizotoa utomvu uliogandia kaptura. Jenereta lilikaa nje likitutemea moshi. Ndani kulikuwa na giza, joto na pumzi za watoto arobaini ambao wengi wao hawakuwa na maji ya kunawia uso. Kiingilio kilikuwa sarafu, na asiye na sarafu alileta kikombe cha maharage ya mgawo kutoka kwao. Maharage hayo tuliyala sisi. Nikifikiri leo kwamba nilinenepa kwa chakula walichokiiba watoto kwenye vyungu vya mama zao ili watazame mtu wa kwenye kioo akiruka shimo, hayanipiti kooni maharage ya mtu yeyote.

Sheria ya baba ilikuwa moja. Ukifa mara tatu umemaliza, na ukiinuka kwenye benchi, kwa sababu yoyote, zamu yako imekwisha na mwingine anakaa. Hakukuwa na kusimamisha wala kuhifadhi. Hata mimi mtoto wake nilifungwa na sheria hiyo, ingawa benchi la mbele lilikuwa langu siku zote.

Mwenzangu wa benchi la mbele alikuwa Fideli. Tulikuwa wa umri mmoja. Alikuwa amevuka Rusumo kwa miguu akiwa na bibi yake, na katika ukoo mzima walibaki hao wawili. Bibi yake hakuna aliyemjua kwa jina; watu wote walimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa lugha yao. Alikuwa na sufuria moja, na kila asubuhi aliliteleka mlangoni mwa kibanda chetu na kuwauzia uji wa mtama watoto waliokuwa wakitoka. Mgawo uliisha kila mara kabla mwingine haujafika. Lililowavusha wale wawili ni sufuria lile.

Fideli alicheza kwa utulivu uliotuudhi. Wengine tulikimbia na kufa. Yeye alisimama, akatazama, akaruka. Kitu kimoja tu hakukielewa, au alikataa kukielewa: katika gemu ile ukishapita mahali, kioo kinajifunga nyuma yako, huwezi kurudi. Yeye kila alipoanza alimgeuza mtu wake kwanza akajaribu kurudi kushoto, akaugonga ule ukingo, mara mbili, mara tatu.

"Anarudi kwao!" watoto wa nyuma walipiga kelele. "Rudi basi, uone!"

"Natazama tu kama wamefungua," alijibu, na benchi zima likaangua kicheko.

Kisha ukaja ugonjwa wa kuhara damu. Mama alipewa kazi ya kugawa klorini kwenye mabomba ya maji ya kambi, na tangu siku hiyo nyumba yetu, nguo zetu, hata ugali wetu ukawa na harufu ile kali inayochoma pua. Alitufundisha kunawa kama mtu anayefundisha dini. "Ugonjwa uko mikononi," alisema. "Unatoka mkono huu unakwenda ule." Nilimsikia, nikaelewa nilivyotaka. Niliwaona wakimbizi wakiandikishwa na kufungwa vikanda vya plastiki kifundoni mwa mkono, bila kikanda hupati unga, hupati mafuta, hupati blanketi. Basi nikajua kichwani mwangu kwamba ugonjwa nao ni wa wenye vikanda. Ugonjwa uko mikononi, kikanda kiko mkononi. Mimi sikuwa nacho. Mimi nilikuwa Mtanzania wa Mwanza, ugonjwa ule usingenipata, kama vile nisingeweza kupewa mgawo.

Ndiyo maana tumbo liliponisokota nililaumu mapera niliyokula jana yake.

Ilikuwa siku ya mgawo, asubuhi, na kibanda kilifurika mpaka plastiki ya ukutani ikavimba. Tulikuwa wawili mbele, mimi na Fideli, kila mtu na pedi yake, na tulikuwa tumefika mahali ambapo hakuna mtoto wa kambi ile aliyewahi kufika: hatua ya mwisho, yenye moto chini na moto juu. Watoto wa nyuma walikuwa wamesimama kwenye mabenchi. Tumbo likanikata. Nikabana. Likanikata tena, nikauma mdomo, nikajiambia nikiinuka sasa wataketi wengine na itakuwa wao waliofika, si mimi. Baba alikuwa mlangoni, amekunja mikono, anatutazama kwa fahari. Mara ya tatu mwili haukuniomba ruhusa.

Nitasema ilivyokuwa, maana nimejificha vya kutosha. Kwanza niliona joto, karibu raha. Halafu nikaona unyevu ukishuka pajani na kuingia kwenye nyufa za benchi. Halafu ikaja harufu.

"Mnh! Nani ameoza humu?" mtu akasema nyuma.

"Kuna maiti!"

"Ni huko mbele, huko mbele!"

Kicheko kilianza, na nikajua nina muda wa kuvuta pumzi moja tu. Nikageuka nikamtazama Fideli. Nikashika pua. Nikasema kwa sauti, "Ni huyu. Amejiharia. Ni damu."

Lingekuwa neno la kwanza peke yake, watoto wangecheka mpaka jioni na kusahau. Neno la mwisho ndilo lililofanya kazi. Kicheko kilikatika kama mtu amezima jenereta. Walioketi nyuma yetu waliruka, mabenchi yakaanguka, kila mmoja akimkanyaga mwenzake. Fideli alisema, "Si mimi." Halafu akanitazama. Aliangalia chini, pale tulipokuwa tumekaa, akaangalia tena uso wangu, na nikaona ameelewa. Hakusema "ni wewe". Mpaka leo sijui kwa nini hakusema. Alikuwa bado ameshika pedi, na mtu wake kwenye kioo alikuwa bado anakimbia.

Baba alimkamata kwa ukosi wa shati, akamtoa nje mbele ya soko zima. "Nendeni mkaharie kwenu!" alisema, na baba yangu hakuwa mtu mkali. Katika vurugu ile nilipenya chini ya plastiki ya nyuma, nikakimbilia kwenye mikaratusi. Kaptura niliitupa kwenye shimo la choo cha watu. Nilijiosha kwa maji ya mtaro, ambayo yenyewe yalikuwa na utelezi, nikajifunga kanga ya mama iliyokuwa imeanikwa.

Niliporudi, mama alikuwa ameshafika na ndoo yake. Alikuwa amesugua benchi mpaka mbao imekuwa nyeupe, na sasa alikuwa amezitumbukiza pedi zote mbili katika klorini, waya na vyote, anazisugua kwa gunzi.

"Mama Deo!" baba alipiga kelele. "Mama Deo, unaziua pedi!"

"Bora zife pedi kuliko watoto."

"Hazioshwi hizo! Ndani ni umeme!"

"Na nje je? Nje ni nini? Nusa mikono yako!"

Baba akanusa mikono yake kweli. Wiki ile nzima alizifungua pedi kwa bisibisi, akazianika juu ya bati kama samaki. Moja ilifufuka, yenye kitufe kimoja tu kinachofanya kazi, cha kuruka. Mama aliponiuliza kaptura ya kaki iko wapi, nilisema wakimbizi wameianua kwenye kamba. Akatikisa kichwa akasema, "Hawa watu."

Siku ya pili nikaugua wazi, nikalala chini na beseni. Na hapo uongo wangu ukapata shahidi. "Mnaona?" mama aliwaambia majirani. "Amekaa na yule mtoto benchi moja, kamwambukiza." Wakaja kunipa pole. Waliniletea ndizi. Nilizila.

Fideli, wahudumu wa kambi walikuwa wamekwenda kumchukua jioni ya siku ile ile ya benchini, wakampeleka kwenye mahema ya wagonjwa, yaliyozungushiwa kamba, ambako waliolala walikuwa wagonjwa kweli. Alikuwa mzima kuliko mimi. Alikaa huko wiki. Na Mukecuru alirudi na sufuria lake mlangoni kwetu kama kawaida, akaketi kutwa, asipate mtu. Watoto walikuwa wameshatunga wimbo: uji wa damu, uji wa damu. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshanunua alitema na kumwaga kikombe mbele ya miguu yake. Alihama akaenda karibu na bomba, wimbo ukamfuata. Akahama akaenda njia ya kwenda kuni, ukamfuata na huko. Kila nilipopita niliangalia sufuria. Likiwa limeinamishwa juani, halina hata ukoko, nilijua siku hiyo hawakupika cha kuuza wala cha kula.

Fideli alirudi amenyolewa, mifupa ya shingo imetokeza. Hakuingia tena kibandani. Alikaa ng'ambo ya barabara, mbali, mahali unapoweza kusikia mlio wa gemu bila kuona kitu. Siku moja nilijikaza nikamfuata.

"Fideli."

"Usinisogelee," akasema. Hakuwa na hasira. "Mimi nina damu."

Nikarudi kibandani nikakaa benchi la mbele.

Pale dukani kwa Zuwena nilinunua ile laptop ya tatu. Prosesa yake dhaifu, betri yake haifiki saa mbili, na bei yake ilizidi ya ile yenye ufa. Lakini vitufe vyake vilikuwa vimebadilishwa, vipya kabisa, havijaguswa. "Umechagua mbovu kuliko zote," Zuwena aliniambia waziwazi, "kwa sababu ya usafi." Ni kweli. Nimekaa nayo hapa mezani siku ya nne, nimeifikia ile hatua ya moto na nimeihifadhi hapo. Siendelei. Kinachonichefua hasa si ile siku ya benchini; tumbo la mtoto halina hatia. Kinachonichefua ni kwamba umri huu wote mkono wangu bado unajua kukataa uchafu wa mwingine haraka hivyo, kana kwamba ni mkono safi.

Tuliondoka Ngara msimu wa mtama. Watu walikuwa wameanza kusema kambi itafungwa, petroli ilikuwa adimu, na pedi yenye kitufe kimoja haikumvuta mtu. Baba akapata lori lililokuwa likirudi tupu. Asubuhi hiyo, wakati wakipakia mabenchi, mama alinisukuma begani. "Nenda kamuage yule bibi. Alikuwa jirani yetu wa mlangoni. Mtu haondoki kama mwizi."

Mukecuru alikuwa amekaa ukingoni mwa soko, sufuria la uji juu ya mafiga, hana mteja. Hatua chache kutoka kwake wanawake wengine walikuwa wamekaa wakichambua maharage, wamemwachia ile nafasi ambayo watu humwachia mtu mwenye ugonjwa. Fideli alikuwa ameenda kuni.

"Shikamoo, Mukecuru."

"Marahaba. Mnaondoka."

"Ndiyo."

"Njia iwe njema."

Nilichuchumaa. Sikuwa nimepanga kusema. "Siku ile," nikanong'ona, "hakuwa Fideli."

Hakuacha kukoroga. "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Kaptula ndiyo ilinambia. Aliporudi amelia, nilimvua mimi, nikaifua mimi, kabla hawajaja kumchukua. Ilikuwa na vumbi la benchi na utomvu, basi. Mimi nimefua kaptula za watoto sita, mwana wanjye. Nimewaambia wale wa mahema, wakasema kila bibi anasema hivyo."

Alinyoosha mwiko akaonyesha wale wanawake. "Basi simama, useme. Wote wako hapa. Waliosikia lile, wasikie na hili."

Wanawake walikuwa wameacha kuchambua. Walikuwa hawajasikia tulichonong'ona, ila walijua kuna jambo. Nilisimama. Nakumbuka nilisimama kabisa, na mdomo niliufungua. Kule barabarani lori likapiga honi, na baba akaita, "Deo! Tunakuacha!"

"Naitwa," nikasema.

Mukecuru aliuacha mwiko. Halafu akatoa kibuyu nyuma yake, cha kinywaji cha mtama kisicholevya, kina mrija mmoja wa unyasi. Kwao, na kwa Wahangaza, wenyeji wa pale, vilevile, msafiri haondoki koo kavu. Mwenyeji hunywa kwanza kuonyesha hakuna sumu, kisha mrija ule ule hupita kwa mgeni, na anayeufuta kabla ya kunywa amemtukana mwenyeji wake. Alikunywa, akanigeuzia. Sikuufuta. Angalau hilo. Nikanywa, kikawa kitamu, baridi, na nikamrudishia kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Alikipokea. Akauchomoa ule mrija polepole, akauinua juu ili uonekane. Akauvunja mara moja, akauvunja mara ya pili, akaviingiza vipande kwenye moto chini ya sufuria. Kisha akachota maji akanawa vidole vyake, kimoja kimoja.

Kwa watu wale mrija hauvunjwi kwa sababu umezeeka. Huvunjwa kwa sababu ya mdomo ulioushika. Mwanamke mmoja akaweka ungo chini, akaguna, "Yoo," akanitazama mimi, kuanzia miguuni kupanda juu, na nikaona anasoma kitu ambacho nilikataa kukisema.

Nilikimbia. Baba akanivuta kwa mkono, nikapanda nyuma kati ya mabenchi, lori likaanza kusogea. Sikutaka kutazama, nikatazama. Yule mwanamke wa ungo alikuwa amesimama na kikombe chake, anatembea kuivuka ile nafasi iliyoachwa wazi. Akafika kwenye sufuria la Mukecuru, akachuchumaa, akakinyoosha.